Nathaniel Kleitman, profesa aliyeufuata usingizi hadi pale watu wanapolala

Mgonjwa anayekoroma sana usiku na kusinzia mchana anaweza leo kupewa kifaa kidogo na daktari wake, akarudi nacho nyumbani, akakivaa na kulala kitandani mwake. Asubuhi anakirudisha kikiwa kimeandika usiku mzima: pumzi zake, oksijeni ya damu na mapigo ya moyo. Kipimo hicho kinaonekana kuwa cha kisasa kabisa. Hata hivyo, wazo linalokibeba lilianza karibu miaka mia moja iliyopita, wakati ambapo wataalamu wachache sana waliona kwamba usingizi ni jambo la kupimwa.

Wazo hilo linarudi kwa mtu mmoja, Nathaniel Kleitman, mkimbizi aliyefika Marekani bila pesa na akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Madaktari wa usingizi wanamwita baba wa fani yao. Alipima usingizi wake mwenyewe, wa binti zake, wa watoto wachanga, wa mabaharia, na hata akaenda kuupima chini ya ardhi, ndani ya pango.

Kutoka Kishinev hadi Chicago

Kleitman alizaliwa tarehe 26 mwezi wa nne mwaka wa 1895 katika mji wa Kishinev, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Urusi. Leo mji huo unaitwa Chișinău, nao ni mji mkuu wa Moldova. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Alikuwa na umri wa karibu miaka minane wakati Wayahudi wa Kishinev waliposhambuliwa mwaka wa 1903. Watu wapatao 49 waliuawa, na nyumba na maduka mengi yakaharibiwa. Habari za mauaji hayo zilienea duniani kote, na familia nyingi zikaanza kutafuta njia ya kuondoka.

Naye kijana Kleitman aliondoka. Alikwenda kwanza Mashariki ya Kati, akiwa na nia ya kusomea udaktari. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipolipuka, mpango huo ulivunjika. Mwaka wa 1915 alifika New York akiwa na umri wa miaka 20, mfukoni hana kitu. Alijiandikisha katika chuo cha mji huo, akapata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1919, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka wa 1923, akiwa na miaka 28, alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mada aliyoichagua ilikuwa usingizi.

Uchaguzi huo uliwashangaza wengi. Wataalamu wa wakati ule waliuona usingizi kama taa iliyozimwa: mtu amechoka, mwili unapumzika, ubongo unanyamaza, basi. Wengine walidhani kwamba kuna sumu inayojikusanya katika damu mchana kutwa, na mtu akilala sumu hiyo inaondoka.

Kleitman hakutaka kubishana kwa maneno, akaanza kupima. Aliwakesha vijana waliojitolea, na mwenyewe akawa mmoja wao. Katika majaribio yake alikaa macho zaidi ya masaa 100 mfululizo. Akagundua jambo ambalo kila mlinzi wa usiku na kila muuguzi wa zamu analijua: anayekesha huzidiwa na usingizi katikati ya usiku, lakini jua likichomoza anapata nguvu kidogo, ijapokuwa amekaa macho muda mrefu zaidi. Kama ingekuwa ni sumu tu inayojikusanya, asubuhi ingekuwa mbaya kuliko usiku. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine ndani ya mwili, kitu kinachopanda na kushuka kwa kufuata masaa ya siku.

Nyumba yake ikawa mahali pa kazi

Mwaka wa 1925 Kleitman aliingia rasmi katika kundi la walimu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alipima joto la mwili kila baada ya muda fulani, mchana na usiku, akaona kwamba linapanda mchana na kushuka usiku. Alitumia pia vifaa vilivyounganishwa na kitanda ili kujua mtu anajigeuza mara ngapi akiwa amelala.

Tatizo lilikuwa kwamba usingizi haulingani na kazi ya ofisi. Unakuja usiku, unadumu masaa mengi, na unabadilika mlalaji akijua kwamba anatazamwa. Tena, mtu akiulizwa asubuhi amelalaje, jibu lake si la kutegemewa sana. Anayesema hakufumba macho usiku kucha huenda amelala masaa kadhaa, na anayesema amelala vizuri huenda ameamka mara nyingi bila kukumbuka.

Kleitman aliona kwamba dawa ya tatizo hilo ni kuufuata usingizi pale ulipo, kwa muda mrefu, na kuandika kila kitu. Alianza na watu wa nyumba yake. Yeye na mke wake Paulena walikuwa na mabinti wawili, Hortense na Esther. Baba aliandika habari za usingizi wao tangu utoto wao hadi walipofikia umri wa kuingia chuo kikuu. Wageni wangeweza kuona hilo ni jambo la ajabu, lakini ndani ya familia likawa sehemu ya maisha ya kila siku.

Baadaye aliendelea na familia nyingine. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 1953, yeye na mwenzake Theodore Engelmann walifuatilia watoto wachanga 19, kuanzia juma la tatu la maisha yao hadi juma la 26. Watoto hao walilala na kunyonya walipotaka wenyewe, na masaa yao yakaandikwa siku baada ya siku. Ilionekana wazi jinsi usingizi uliotawanyika wa mtoto mchanga unavyojikusanya polepole hadi kuwa usingizi wa usiku. Mama yeyote anayeamshwa mara nne usiku analijua jambo hilo. Sasa lilikuwa na tarakimu.

Siku 32 chini ya ardhi

Kazi iliyompatia sifa magazetini ilifanyika mwaka wa 1938. Kleitman alitaka kujua kama mzunguko wa masaa 24 unatoka katika mwili wenyewe, au ni mazoea tu yanayoletwa na jua, kelele za mitaani na saa ya ukutani. Ili kupata jibu, ilibidi aende mahali ambapo mchana na usiku havina tofauti.

Alichagua Mammoth Cave, pango kubwa sana lililoko katika jimbo la Kentucky. Tarehe 4 mwezi wa sita aliingia humo pamoja na mwanafunzi wake Bruce Richardson, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 20. Walikaa humo siku 32. Mle ndani hakukuwa na mwanga wa jua, na baridi ilikuwa ileile daima, karibu nyuzi 12. Panya walikuwemo pia, hata ikabidi miguu ya vitanda isimamishwe ndani ya vyombo ili wanyama hao wasipande.

Wawili hao walijipangia siku ya masaa 28: masaa 19 ya kukaa macho na masaa 9 ya kulala. Hesabu hiyo ilikuwa na faida yake, kwa sababu siku sita za masaa 28 zinalingana kabisa na juma moja la kawaida. Walikuwa wakijipima joto la mwili kila mara ili kuona kama mwili umekubali ratiba mpya.

Matokeo yaliwagawanya. Mwili wa Richardson ulizoea: katika muda wa juma moja hivi joto lake lilianza kupanda na kushuka kwa kufuata masaa 28. Mwili wa Kleitman ulikataa. Alikuwa na miaka 43, na hata chini ya ardhi, bila jua, joto lake liliendelea kufuata masaa 24. Mara nyingi alipaswa kulala wakati mwili wake unataka kufanya kazi, na kufanya kazi wakati unataka kulala.

Tarehe 6 mwezi wa saba walitoka nje wakiwa na ndevu, na wapiga picha walikuwa wakiwasubiri. Watu wawili ni wachache mno kwa kutoa hukumu, na Kleitman mwenyewe alilijua hilo. Lakini funzo moja lilibaki: miili haifanani, na ratiba inayomfaa mmoja inaweza kumtesa mwingine. Mwaka uliofuata, 1939, alitoa kitabu chake kikubwa, Sleep and Wakefulness. Alikipanua mwaka wa 1963, na toleo hilo lilitaja kazi zaidi ya elfu nne za wataalamu mbalimbali.

Aliendelea kuwafuata walalaji popote walipo. Mwaka wa 1948 alikaa majuma mawili ndani ya nyambizi ya jeshi la Marekani iitwayo Dogfish, akichunguza jinsi mabaharia wanavyopangiwa zamu na usingizi. Kwao uchovu wa mtu mmoja ungeweza kuwa hatari kwa wote.

Macho yaliyokuwa yakikimbia

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafunzi mmoja aitwaye Eugene Aserinsky aliingia katika maabara ya Kleitman. Alikuwa maskini, ana mke na mtoto, na walikaa katika nyumba ya zamani ya askari. Kleitman alimpa kazi ya kuchosha: kutazama kope za watoto wachanga wakiwa wamelala.

Baada ya muda mrefu wa kutazama, Aserinsky aliona kwamba kuna wakati macho ya mlalaji yanatulia, na wakati mwingine yanacheza chini ya kope. Mwishoni mwa mwaka wa 1951 alichukua mashine ya zamani inayoandika umeme wa ubongo, akamlaza mtoto wake Armond, mwenye umri wa miaka minane, akambandika nyaya kichwani na kando ya macho. Usiku, kalamu za mashine zilianza kukimbia juu ya karatasi kana kwamba mtoto ameamka. Aserinsky aliingia chumbani kumtazama. Mtoto alikuwa katika usingizi mzito.

Fikra ya kwanza ilikuwa kwamba mashine imeharibika, na Kleitman kwa upande wake alikuwa na mashaka. Kwa zaidi ya miaka 25 alikuwa amechunguza usingizi, na sasa mwanafunzi asiye na jina alikuwa anamletea habari kwamba ubongo wa mlalaji unafanya kazi kama wa mtu aliye macho. Mkubwa mwingine angeweza kumfukuza. Kleitman alidai kuona mwenyewe. Alimwita binti yake Esther akubali kulala akiwa amebandikwa nyaya, akasimamia kipimo kwa macho yake. Mistari ileile ikatokea, naye akakubali.

Kisha waliwaamsha watu wazima waliojitolea ili kuwauliza kama walikuwa wakiota. Kati ya mara 27 walizoamshwa wakati macho yanakimbia, mara 20 walieleza ndoto. Kati ya mara 23 walizoamshwa macho yakiwa yametulia, mara 19 hawakukumbuka chochote. Habari hizo zilitangazwa katika jarida la Science mwezi wa tisa mwaka wa 1953. Usingizi huo wa macho yanayokimbia unajulikana leo duniani kwa herufi tatu: REM.

Mwanafunzi mwingine, William Dement, aliendeleza kazi hiyo. Mwaka wa 1957 yeye na Kleitman walionyesha kwamba usingizi wa usiku unakwenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90, na kwamba REM inarudi mara kadhaa hadi asubuhi. Wazo la taa iliyozimwa likawa limekwisha. Usingizi ulikuwa na hatua zake, na kitu chenye hatua kinaweza pia kuharibika katika hatua fulani. Hapo ndipo mlango wa tiba ulipofunguka.

Kutoka maabara kurudi nyumbani

Kleitman alistaafu mwaka wa 1960. Waliomfuata walitumia njia zake kutafuta magonjwa ambayo hayakuwa yakionekana. Mwaka wa 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani walieleza kwamba kuna watu ambao koo lao linajifunga mara nyingi usiku, pumzi inakatika, oksijeni inashuka, kisha wanashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Mgonjwa hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba anaamka amechoka, kichwa kinauma, na mchana anasinzia, hata akiwa kwenye usukani. Mwaka wa 1981, huko Australia, daktari Colin Sullivan na wenzake walionyesha kwamba mashine inayosukuma hewa puani inaweza kuizuia koo kujifunga.

Kwa miaka mingi kipimo cha ugonjwa huo kilifanyika katika vyumba maalumu vya hospitali. Mgonjwa alilala akiwa na nyaya kichwani, kifuani na miguuni, huku mtaalamu akimwangalia usiku kucha. Gharama ilikuwa kubwa, foleni ilikuwa ndefu, na wengi hawakulala vizuri kwa sababu kitanda si chao. Mwaka wa 2008 bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee ilikubali kulipia kipimo kinachofanywa nyumbani, na tangu hapo njia hiyo imeenea.

Kifaa cha nyumbani kwa kawaida kina mkanda wa kifuani, mrija mwembamba chini ya pua, na kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Daktari anahesabu mara ngapi kwa saa moja pumzi ilikatika au ilipungua. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 ni kawaida. Kuanzia mara 5 ni ugonjwa mwepesi, kuanzia 15 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali.

Kipimo hicho kina mipaka yake. Vifaa vingi vya nyumbani havipimi umeme wa ubongo, kwa hiyo havijui kwa uhakika mtu amelala au yuko macho. Mgonjwa aliyelala masaa matatu tu, na mengine akayatumia kugeukageuka kitandani, anaweza kupata tarakimu ndogo kuliko ukweli. Ndiyo sababu madaktari wanasema kwamba jibu zuri la nyumbani halitoshi ikiwa dalili ni kali, na kwamba wenye magonjwa mazito ya moyo au ya mapafu wapimwe hospitalini. Mambo mawili aliyoyatafuta Kleitman, yaani kumwacha mtu alale kwake na kuona ubongo wake unafanya nini, bado ni vigumu kuyapata pamoja.

Kazi yake iligusa pia ugonjwa unaojulikana sana nchini RDC, nchi yenye wagonjwa wengi zaidi wa malale duniani. Ugonjwa huo unaoletwa na mbung'o huitwa ugonjwa wa usingizi, na watu wengi wanadhani kwamba mgonjwa analala kupita kiasi. Vipimo vya masaa 24 vilivyofanywa kwa wagonjwa wa Afrika vilionyesha jambo jingine: jumla ya usingizi haiongezeki sana, ila unatawanyika mchana na usiku, na REM inaweza kuja mara tu mtu anapolala, badala ya kusubiri zaidi ya saa moja. Nchini Kamerun watafiti walijaribu hata kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa, ili kufuatilia wagonjwa hao. Bila ugunduzi wa mwaka wa 1953, hakuna ambaye angejua aangalie nini.

Kwa asiye na kifaa, njia ya kwanza ya Kleitman bado inatumika: daftari. Madaktari wa usingizi huwaomba wagonjwa waandike kwa majuma mawili saa ya kulala, saa ya kuamka na mara walizoamka usiku. Anayelala chumba kimoja na mgonjwa naye anaombwa aseme kama amesikia mkoromo unaokatika ghafla, kisha kimya, kisha mshtuko wa kuvuta pumzi. Habari hizo hazichukui nafasi ya kipimo, lakini zinamsaidia daktari kujua nani apimwe haraka.

Kleitman alizeeka akiwa na akili timamu. Mwaka wa 1995, akiwa ametimiza miaka 100, alihudhuria mkutano wa wataalamu wa usingizi wa Marekani, akashangiliwa na watu ambao wengi wao walikuwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Mwanafunzi wake Aserinsky alifariki mwaka wa 1998 katika ajali ya gari.

Tukumbushe kwamba Nathaniel Kleitman alifariki huko Los Angeles tarehe 13 mwezi wa nane mwaka wa 1999, akiwa na umri wa miaka 104.